Kabla Maji Hayajabisha Hodi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, mishono na malezi, na huenda wengine watashangaa mwezi huu tukitaja mitaro, saruji na viroba vya mchanga, mambo ambayo katika nyumba nyingi huachiwa baba. Lakini mvua kubwa ikianguka saa nane mchana, ni nani yuko nyumbani? Ni mama, na mtoto mgongoni, na bibi aliyelala chumba cha uani. Baba yuko kazini na daladala zimesimama kwa sababu barabara imejaa maji. Yatupasa basi sisi wenyewe tujue maji huingiaje ndani ya nyumba, na nini cha kufanya kabla hayajaingia.

Wanaoishi Dar es Salaam hawajasahau Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, iliponyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kuonekana mjini hapo tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Kabla ya hapo zilikuwako mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kisha mwishoni mwa 2023 tukaona matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh, na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikawa kama bahari, wakati wenzetu wa Kenya walipokuwa wakiwazika ndugu zao wa Mai Mahiu. Hatuyataji haya ili kuwatisha. Tunayataja kwa sababu baada ya kila msiba wa namna hii husemwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, na mazungumzo yakaishia hapo. Bwana wetu alipotoa mfano wa wajenzi wawili, nyumba zote mbili zilipigwa na mafuriko. Na Mtakatifu Luka anataja jambo ambalo Mathayo hakulisema, kwamba yule mwenye busara alichimba chini sana. Kuchimba ni kazi ya jua kali, hakuna anayechimba msingi maji yakiwa magotini.

Kwa watu wa pwani masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo kazi tutakazozieleza ni za Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba.

Jambo la kwanza halihitaji hata senti moja. Mvua ya kawaida itakaponyesha, chukua mwavuli uzunguke nyumba yako polepole kwa dakika kumi. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi, na yakishaanguka yanakwenda wapi. Je, yanaondoka, au yanarudi ukutani? Uwanja umeinamia nje au umeinamia mlangoni? Maji ya jirani wa juu yanapita wapi? Tunaamini akina mama wengi watagundua kwamba adui wao si mto. Ni maji ya paa lao wenyewe na ya uwanja wao wenyewe, yaliyokosa njia.

Tufanye hesabu kidogo. Paa la nyumba ya mita 8 kwa 10 lina eneo la mita 80 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, paa hilo peke yake litamwaga lita 4,000 za maji, yaani madumu 200 yale ya lita 20 tunayonunua wakati wa kiangazi. Madumu 200 yanamwagwa chini ya ukuta wako, mahali pale pale, mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu udongo unachimbika, msingi unaanza kuonekana, nao unyevu unapanda ukutani hadi rangi inabanduka kama magamba ya samaki. Fundi ataitwa apige rangi upya, na mwakani itabanduka tena, kwa kuwa ugonjwa haukuwa kwenye rangi.

Dawa yake ni gata. Kama fedha haitoshi kuzunguka nyumba nzima, anza na upande ambao uwanja umeinamia nyumba. Maji ya gata yaingie kwenye tangi au pipa, na yanayozidi yaongozwe kwa bomba au mfereji hadi mita mbili au zaidi kutoka ukutani. Tumeona nyumba nzuri zenye gata pande zote, na bomba lake linaishia papo hapo kwenye pembe ya msingi. Hiyo ni hasara, maana maji yaliyokuwa yametawanyika sasa yanachimba mahali pamoja. Na gata lisafishwe kabla ya mvua, hasa penye mwembe au mwarobaini, kwa kuwa majani yakiziba maji hurudi ndani ya dari.

Kando ya ukuta, udongo ujazwe na kushindiliwa ili ushuke kuelekea nje, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita. Wenye uwezo waweke kibaraza cha zege kuzunguka nyumba. Wasio nao wapande ukoka. Uwanja uliofagiliwa hadi ukang'aa ni fahari yetu akina mama, lakini udongo mtupu hauwezi kuyapunguza mwendo maji ya mvua. Penye mteremko, mstari mmoja wa mchaichai uliopandwa kwa kusongamana hushika udongo vizuri sana, na chai ya asubuhi inapata harufu yake bila kwenda sokoni.

Sasa tuje mlangoni. Nyumba nyingi za mijini zilijengwa barabara ikiwa chini, kisha barabara ikapandishwa kwa kifusi na lami, nyumba ikabaki shimoni. Hapa kizingiti cha zege cha sentimita 20 au 30 mlangoni ni kinga ya kweli, ingawa wazee watalalamika kuinua mguu. Wawekee kipandio kila upande. Tena usisahau tundu la maji la bafuni. Mara nyingi mama ameziba mlango kwa bidii zote, na maji yanapanda kutoka chooni na bafuni, kwa sababu chemba ya nje imejaa nayo iko juu kuliko sakafu. Fundi bomba anaweza kuweka valvu inayoruhusu maji kutoka tu, yasirudi. Asiyeweza gharama hiyo aweke mfuko wa nailoni wenye mchanga, uliofungwa vizuri, aukandamize juu ya tundu na kuweka tofali juu yake.

Viroba vya mchanga navyo vina ufundi wake. Kiroba kikijazwa hadi juu huwa kigumu kama jiwe na maji hupenya pembeni. Kijaze theluthi mbili tu, kunja mdomo wake chini, kilaze, kikanyage kitulie. Vipange kama fundi anavyopanga matofali, cha juu kikilalia maungio ya viwili vya chini, na upande wa maji utandike nailoni nzito inayopita chini ya kiroba cha kwanza. Mifuko ya unga na sukari ya kilo 25 ambayo tayari imo jikoni yafaa kabisa, kwa kuwa ile ya kilo 50 ikiingia mchanga mama hataweza kuiinua. Ikunje na uiweke mahali pakavu, na mchanga wake uwe karibu. Siku ya mvua si siku ya kutafuta mchanga.

Lakini hapa tunapenda kusema kwa mkazo, maana jambo hili limeangusha kuta za watu. Maji yakizidi futi mbili nje, usiendelee kuyazuia. Ukuta wa mita 4, wenye maji ya sentimita 60 nje na pakavu ndani, unasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 700 na zaidi, yaani kama mifuko 14 ya saruji. Ukuta wa matofali ya saruji ulijengwa kubeba paa, haukujengwa kusukumwa ubavuni. Ukuta wa udongo ndio usiseme. Yakifika kimo hicho, ni heri maji yaingie ndani, yasukume pande zote mbili, nyumba ibaki imesimama. Matope yatafagiliwa. Ukuta ukiangukia kitanda cha mtoto, hatuna la kufagia.

Kwa hiyo kuna maji ambayo hatutayazuia, na kwa hayo kinga ni kupandisha vitu juu. Panapotengenezwa umeme upya, mwambie fundi aweke soketi juu, mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni. Friza ya barafu na juisi, ambayo kwa akina mama wengi ndiyo ada ya shule, isimame juu ya matofali kudumu, si siku ya mvua tu. Cherehani iwe karibu na meza imara. Tengeneza rafu moja ndefu juu ya kimo cha mlango, imara, iliyopigiliwa na fundi wa kweli. Huko ndiko unga, magodoro na madaftari ya watoto yatakapopanda ukisikia mvua haibadili sauti kwa saa mbili.

Hati zina mahali pake. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati au leseni ya makazi, kadi za kliniki, vyeti vya shule, vitambulisho vya taifa, pamoja na dawa za mgonjwa anayetumia kila siku, viwekwe katika ndoo moja yenye mfuniko unaobana, ndani ya mifuko ya nailoni. Ndoo na iwe ile ile siku zote na kila mtu nyumbani aijue. Siku hizi simu nyingi hupiga picha. Ipige kila hati na umtumie dada au shangazi anayekaa mbali. Mwanamke aliyefiwa na mume na kupoteza cheti cha ndoa majini anajua ni milango mingapi atapiga ili aaminiwe kwamba alikuwa mke.

Na maji ya mtaa? Hapa tutasema maneno ambayo pengine hayatampendeza kila mtu. Nyumba nyingi haziingiliwi na maji ya Mungu, zinaingiliwa na uchafu wa binadamu. Mtaro uliochimbwa upana wa kutosha umejaa chupa, nepi na maganda, na kila nyumba inasema si zake. Wapo wanaongoja mvua kubwa ndipo wafungue shimo la choo ili uchafu uchukuliwe na maji, jambo linaloitwa kutapisha choo. Uchafu huo hauendi baharini moja kwa moja. Unapitia kwanza sebuleni kwa jirani wa chini, unapitia kisimani, na baada ya siku chache twasikia kipindupindu. Mama Mkristo anayejua jambo hili linafanyika nyumbani mwake hawezi kunyamaza akisema ni mambo ya baba.

Kuna na jambo la kifusi. Mtu amepata fedha, ameinua uwanja wake kwa malori kadhaa na kujenga ukuta, naye amekauka. Lakini maji yaliyokuwa yakipita kwake hayakufa. Yamekwenda kwa mjane wa pili kutoka hapo, ambaye katika miaka yote hakuwahi kuingiliwa. Torati ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kwenye paa lake ili mtu mwingine asianguke, na tunaona agizo hilo linafika hata kwenye kifusi. Kabla ya kuinua, acha njia ya maji, mfereji wa wazi au kalvati, unaokwenda hadi kwenye mtaro mkubwa, na uzungumze na majirani pande zote mbili. Kama wewe ndiwe uliyeelekezewa maji, usianze na matusi ya dirishani. Mwalike jirani aje asimame sebuleni kwako mvua inyeshapo, ajionee. Ikishindikana, nenda kwa mjumbe na serikali ya mtaa mapema, kabla ya masika. Vikundi vya akina mama vina nguvu hapa kuliko tunavyofikiri. Wanawake ishirini wenye majembe na toroli mbili wanaweza kuuzibua mtaro wa mtaa Jumamosi moja asubuhi, ila takataka zilizotolewa zichukuliwe siku ile ile, maana zikiachwa ukingoni mvua ya kwanza huzirudisha.

Tunajua wako wasomaji wetu wanaokaa bondeni kabisa, kando ya mto, nao wanasoma haya na kusema kwamba kizingiti cha sentimita 30 ni mchezo wa watoto. Ni kweli. Mto ukiacha njia yake hauzuiwi kwa viroba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katika mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi kaya nyingi zimelipwa fidia ili ziondoke. Hatuandiki kuwahukumu waliojenga huko. Wengi walinunua kwa fedha za upatu, kiwanja cha bei waliyoiweza, karibu na kazi, na muuzaji aliwaonyesha mwezi wa Agosti. Lakini kwa binti zetu wanaotafuta kiwanja leo tunasema: nenda ukakione wakati wa mvua. Tafuta bibi aliyekaa hapo miaka thelathini, umuulize maji yalifika wapi mwaka wa El Niño. Angalia alama ya tope kwenye kuta za nyumba za zamani na takataka zilizonaswa kwenye matawi ya miti. Kiwanja kilicho nusu bei ya jirani yake kina sababu yake.

Na kwa yule ambaye bado yuko bondeni mwaka huu, kinga ya nyumba yake ni kujua saa ya kuondoka. Mkubaliane na baba watoto sasa, mkiwa mmekaa, kwa maneno yaliyo wazi: maji yakifika kwenye jiwe lile, au kwenye shina la ule mnazi, tunatoka, hata kama ni saa tisa usiku. Tunakwenda kwa nani? Bibi atabebwa na nani? Watoto wakiwa shuleni, nani anawafuata, au wamwambiwe wabaki huko? Zima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajaingia, ukiwa umesimama pakavu. Yakiwa yamekwisha kuingia usiiguse. Tembea upande wa juu, usivuke mtaro unaokwenda kasi, kwa kuwa maji ya sentimita 15 tu yakiwa na nguvu humwangusha mtu mzima, na mtoto huponyoka mkononi.

Liko jambo moja linalotusumbua moyo. Mara nyingi watoto huondolewa, baba huondoka, na mama hubaki nyuma kulinda vitu, akihofia wezi. Anabaki na friza, na cherehani, na kabati la vyombo alilolinunua kidogo kidogo. Tunaelewa. Vitu hivyo ni miaka ya maisha yake, na hakuna atakayemrudishia. Hata hivyo, akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa siri, msimwache. Akisema atakuja nyuma, mshike mkono aje sasa. Nanyi majirani wa juu, fungueni stoo au sebule mapema vitu vya watu wa chini vipate pa kuhifadhiwa, maana mwenye mahali pa kuweka cherehani hatakuwa na sababu ya kubaki.

Maji yakishuka, usikimbilie kulala ndani siku hiyo hiyo. Nyumba ya udongo huanguka mara nyingi baada ya maji kuondoka, wakati ukuta umelowa hadi ndani na miguu yake imeliwa. Zunguka kwanza nje, tazama kama ukuta umeinama, kama kuna ufa mpya kwenye pembe, kama udongo wa msingi umechukuliwa. Ukiwa na shaka mwite fundi. Umeme usiwashwe mpaka fundi umeme ameangalia soketi zote.

Unapoingia kusafisha, vaa viatu vya mpira, usiende pekupeku. Kuna misumari, kuna nyoka waliojificha, na kuna homa ya mgunda, ile iliyotokea Lindi mwaka 2022, ambayo hupatikana kwenye maji na tope lenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingia kwenye kidonda. Tope liondolewe likiwa bado bichi, kwani likikauka hukamata kama saruji. Osha kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini, ukianza juu ya ukuta ukishuka chini. Vyombo vya chakula vichemshwe. Godoro la sponji lililoloweshwa na maji ya choo, pamoja na uchungu wote wa bei yake, halifai tena hata likikaa juani wiki nzima, maana jua hukausha juu na uchafu hubaki katikati. Maji ya kisima yasinywewe mpaka kisima kimetolewa maji yote na kutiwa dawa na watu wa afya. Kwa muda huo chemsha, yatokote sawasawa.

Kisha fungua madirisha yote na uwe na subira. Fundi atakuja haraka na saruji yake akitaka kupiga plasta upya, na wewe utatamani nyumba ipendeze kabla ya wageni wa Pasaka. Mwambie angoje. Ukuta uliolowa ukifunikwa na plasta na rangi, unyevu hufungiwa ndani, ukungu mweusi huota nyuma ya kabati, na watoto wenye pumu hukohoa usiku kucha. Bandua plasta iliyolegea, acha ukuta upumue majuma kadhaa. Kuujua kama umekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja. Kikiwa na matone ya maji kwa ndani, fundi arudi nyumbani.